Taa za Kigoma: kutoka mawese hadi sola

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kazi kubwa hufanyika usiku. Dagaa wa ziwa hilo, ambao wanasayansi wamewapa majina ya Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, hushinda mchana vilindini na kupanda juu giza linapoingia, wakifuata vijidudu wanavyokula. Nyuma yao hupanda migebuka, wakiwafuata dagaa. Taa ikiwashwa juu ya maji, samaki hukusanyika chini yake, na anayeimiliki taa ndiye anayevua. Kwa sababu hiyo mwanga umekuwa zana ya kazi huku tangu zamani, sawa na wavu na kasia, na habari za nishati ya Kigoma na Ujiji huanzia majini kabla ya kupanda nchi kavu.

Taa ya kwanza ya mvuvi ilikuwa moto wenyewe. Kuni au matete makavu yaliwashwa ubavuni mwa mtumbwi, na dagaa waliokusanyika wakachotwa kwa lusenga, wavu wa mviringo wenye mpini mrefu mfano wa upawa mkubwa. Nchi kavu, nyumba iliangazwa na moto wa jikoni au na utambi uliochovywa katika mawese. Michikichi hustawi katika mabonde na miteremko ya mwambao huu kuliko sehemu nyingine yoyote ya Tanzania, na mafuta yake mekundu yaliliwa, yakapakwa mwilini, yakawashiwa taa, yakauzwa. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliukuta mji wa soko, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, palipouzwa samaki, mawese, chumvi ya Uvinza, pembe za ndovu na watumwa. Miaka 13 baadaye, mwaka 1871, Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone katika mji huohuo. Mafuta ya kuwashia taa wakati huo hayakuhitaji msafara wala forodha. Mawese yalipatikana hapohapo, sifa ambayo mafuta ya taa, dizeli na hata umeme wa gridi uliokuja baadaye havikuwa nayo. Chanzo kingine cha mwanga chenye sifa hiyo kingekuwa jua, lakini jua lilisubiri zaidi ya karne moja.

Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, takribani kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Wajerumani walikuwa tayari wanaileta meli Graf von Götzen vipandevipande katika maelfu ya makasha. Iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa chini ya Waingereza na kuanza tena safari mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Ujiji, wenye ufuko usio na kina, ukaachwa pembeni, na Kigoma yenye ghuba na gati ikawa mji mkuu wa mwambao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Wabelgiji walipewa eneo lao katika bandari hiyo kwa mkataba wa mwaka 1921, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Urundi ipitie hapo.

Pamoja na nguo, sukari na sabuni, treni ilileta mafuta ya taa. Yalikuja katika madebe ya bati, na debe likishamaliza kazi yake ya kwanza lilianza ya pili. Lilichotea maji, lilipimia mahindi na mawese, na kipimo hicho cha sokoni bado kinaitwa debe hata pale ambapo mtumiaji hajawahi kuona mafuta ya taa ndani yake. Makopo madogo yakageuzwa vibatari: tundu moja, utambi wa pamba, moshi mweusi uliopanda hadi kwenye paa. Mwenye uwezo alinunua chemli yenye glasi. Hakuna kati ya taa hizo iliyomfaa mvuvi, kwani mwanga wa chemli ni mdogo, na wa kibatari hauvuki ubavu wa mtumbwi.

Kilichobadilisha uvuvi ni karabai. Jina lenyewe limetokana na taa za zamani zilizotumia kabaidi na maji, lakini taa iliyoenea ziwani ni ile ya mafuta ya taa yanayosukumwa kwa pampu. Mafuta hupanda kutoka kwenye tangi la chuma, hugeuka mvuke kwa joto la taa yenyewe, na mvuke huo huwaka ndani ya kifuko cha nyuzi. Kifuko kikishaungua mara ya kwanza hubaki majivu matupu yenye umbo la kifuko. Hayo majivu ndiyo yanayong'aa, na kidole kikiyagusa humong'onyoka. Tone la mvua au rasharasha ya wimbi likiangukia glasi yenye moto, glasi hupasuka. Ni chombo chepesi kuvunjika kwa ziwa lenye mawimbi, lakini mwanga wake ulishinda moto wa matete mara nyingi mno, na kuanzia miaka ya 1950 karabai na mitumbwi iliyofungwa sambamba yenye wavu wa kuinua vilienea kutoka upande wa kaskazini wa ziwa hadi mialo ya Kigoma. Mitumbwi hutandaza wavu chini ya taa, husubiri, kisha wavu huvutwa juu kwa pembe zake zote pamoja na kilichomo.

Kalenda ya kazi hii hupangwa na mwezi. Siku za giza wavuvi huenda ziwani, na usiku usio na mwezi taa zao huonekana kutoka vilima vya mjini zikiwa zimepangana hadi karibu na milima ya Kongo. Mbalamwezi ikiwa kamili, samaki hutawanyika kwa sababu maji yote yana mwanga, na mwalo hupumzika kwa takribani juma moja, muda wa kushona nyavu na kupiga hesabu za mafuta. Hesabu hizo hazikuwa ndogo. Karabai moja hula lita moja hadi moja na nusu kwa usiku, na chombo kimoja huhitaji taa kadhaa. Mwenye chombo alilipa mafuta kabla hajajua atarudi na nini.

Umeme wa waya ulikuja Kigoma kwa jenereta. Mji ulikuwa mbali mno na Gridi ya Taifa, kwa hiyo shirika la umeme, TANESCO, liliuhudumia kwa mitambo ya dizeli iliyosimama peke yake, na kila lita ya dizeli ilipaswa kuvuka nchi nzima kwa reli au kwa barabara ndefu ya vumbi. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilipoharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zilisimama kwa miezi. Karibu na wakati huo mji ulifungiwa mitambo mipya ya takribani megawati 11, na miji ya Kasulu na Kibondo nayo ikapata jenereta zake. Bei ya umeme ni moja nchi nzima, hivyo mteja wa Kigoma alilipa sawa na wa Dar es Salaam, na tofauti kati ya bei hiyo na gharama halisi ya dizeli ilibaki mzigo wa shirika. Shirika lenye hasara kwa kila uniti haliwi na haraka ya kuongeza wateja. Vijiji vya mwambao kama Mwamgongo, Kagunga, Sigunga na Kalya, ambavyo vingi hufikiwa kwa boti kwa urahisi kuliko kwa gari, havikuwa hata kwenye foleni.

Sola iliingia katika pengo hilo, na mwanzoni iliingia kwenye majengo ya watu wote kabla ya nyumba za watu. Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa na maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1954, lakini kwa miongo mitatu paneli zilibaki vyombo vya setilaiti, minara ya simu na misheni zenye wafadhili. Zahanati zilizihitaji mapema kuliko wengine. Chanjo lazima ikae kwenye baridi, na mpango wa chanjo wa taifa ulioanza mwaka 1975 ulitegemea majokofu ya mafuta ya taa katika sehemu zisizo na umeme. Jokofu la namna hiyo hutaka utambi uliokatwa sawasawa, moto wa rangi ya buluu na mhudumu asiyesahau. Mafuta yakichelewa siku mbili, chanjo huharibika.

Mradi mkubwa wa kwanza wa sola mkoani ulizaliwa na mto, tena kwa njia ya mzunguko. Mwaka 2008 Marekani, kupitia shirika lake la Changamoto za Milenia, iliingia na Tanzania mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 698, na sehemu ya fedha ilikusudiwa kituo kidogo cha umeme wa maji kwenye maporomoko ya Igamba, Mto Malagarasi. Uchunguzi wa mazingira ukakuta kwenye maporomoko hayo viumbe adimu wa majini, wengine wasiojulikana kuishi mahali pengine. Bwawa likasitishwa, na fedha kidogo kati ya zilizotengwa zikaelekezwa kwenye jua. Mpango huo ulilenga sekondari 45, vituo vya afya 10, zahanati 120, majengo ya serikali na biashara katika masoko ya vijiji 25. Shule ilipata taa za kujisomea usiku, zahanati taa za kujifungulia na jokofu la chanjo. Kwa vijiji vingi hizo zilikuwa paneli za kwanza kuonekana juu ya paa, na watu walijifunza kwa macho kabla ya kununua. Kama mkoa ungepata bwawa wakati ule, pengine sola ingechelewa muongo mzima.

Msukumo wa pili ulitoka bungeni Dodoma, na haukuwahusu wavuvi hata kidogo. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, na wafanyabiashara wa vituo vya mafuta wakawa wanayachanganya humo. Ndipo neno uchakachuaji lilipovuma nchi nzima. Bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka Sh 52 hadi Sh 400.30 kwa lita ili biashara hiyo isilipe. Aliyewasha kibatari kijijini na aliyewasha karabai ziwani walilipia kosa la watu wa mjini. Wakati huohuo taa za LED zilikuwa zinashuka bei haraka. Taa hizo hutoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo kiasi kwamba betri ya pikipiki iliyojazwa kwa paneli huweza kuziendesha usiku kucha, na hazina glasi ya kupasuka wala kifuko cha kumong'onyoka. Mvuvi alifanya hesabu yake mwenyewe. Karabai hazikutoweka kwa siku moja, lakini zilianza kuhamia stoo.

Nyumbani mabadiliko yalikuja kwa njia ya simu ya mkononi. Kabla ya taa, watu wengi walinunua sola ili kuchaji simu, au walimlipa mwenye kibanda aliyekuwa na paneli moja na msitu wa nyaya mezani. Kisha yakaja makampuni yaliyouza seti kamili ya taa, redio na betri kwa malipo madogo yanayotumwa kwa simu kila siku au kila wiki, na seti ikajifunga yenyewe malipo yakikoma. Kufikia utafiti wa upatikanaji wa nishati uliofanywa na Wakala wa Nishati Vijijini na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mwaka 2016, karibu theluthi mbili ya kaya za vijijini Tanzania zenye umeme wa aina yoyote ziliupata kwa sola. Zilikuja pia bidhaa feki: paneli iliyoandikwa wati 100 ikitoa nusu yake, na betri za gari zilizouzwa kama betri za sola. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ikitolewa umeme polepole hadi ikauke kila usiku, hufa ndani ya miezi, na mwenye nyumba hulilaumu jua.

Lawama nyingine hupewa mawingu. Kigoma hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka, na mvua hizo huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, mara nyingi zikiwa na mawingu yanayotanda juu ya vilima kwa siku kadhaa. Tanzania kwa jumla hupokea nishati ya jua ya kati ya kilowati-saa 4 na 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ukanda wa ziwa hauko juu kabisa ya kiwango hicho kama uwanda mkavu wa Singida na Dodoma, lakini umeipita mbali Hamburg, jiji la nchi iliyojaa paneli mapaani, ambako wastani wa mwaka ni takribani 3. Paneli haihitaji kuliona jua lenyewe, kwani hata mwanga uliotawanywa na mawingu huugeuza kuwa umeme, ila kwa kiasi kidogo.

Hesabu ya nyumba moja hueleza zaidi. Paneli ya wati 100, katika siku ya kawaida yenye jua la kilowati-saa 5, na baada ya kuondoa upotevu wa joto, nyaya na betri, huleta takribani wati-saa 350. Siku ya mawingu mazito huleta nusu yake, yaani 175. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa tano hula wati-saa 100. Simu mbili na redio huchukua 50. Jumla ni 150, na hata siku mbaya ya masika inatosha. Televisheni ndogo ya wati 20 ikiwashwa saa nne huongeza 80, na hapo ndipo akiba inapoanza kuliwa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, ina wati-saa 300 za kutumia, sawa na siku mbili za taa, simu na redio bila kuchaji kabisa. Nyumba nyingi zilizozimika masika zilizimwa na televisheni iliyoongezwa baada ya fundi kuondoka, au na betri iliyochoka, kabla ya wingu kuhusika.

Mwambao una vizuizi vyake ambavyo vitabu vya mafundi havivitaji sana. Vijiji vya kaskazini, kuelekea Gombe na mpaka wa Burundi, vimebanwa kati ya maji na mlima ulioinuka upande wa mashariki. Jua huchelewa kuvuka ukingo huo, na asubuhi ya huko ni fupi kuliko ya Ujiji ulio kwenye eneo la wazi. Jioni hulipa sehemu ya deni hilo, kwa kuwa upande wa magharibi ni ziwa tupu hadi milima ya Kongo. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, anga huwa wazi, ila moshi wa mashamba na misitu inayochomwa na vumbi la barabara hutanda juu ya vioo, na paneli isiyofutwa kwa miezi mitatu hupoteza kile ambacho mwenye nayo angedhani mawingu tu ndiyo huiba. Mvua ya kwanza huziosha zilizolazwa kwa mteremko. Kwa kuwa Kigoma iko takribani nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mteremko mdogo kuelekea kaskazini unatosha, na fundi anayelaza paneli bapa kabisa juu ya bati huwa ameacha dimbwi la matope juu ya kioo.

Wauza dagaa walijua hesabu ya mawingu mapema kuliko wenye sola. Dagaa waliovuliwa usiku huanikwa asubuhi, kwenye mchanga au juu ya chanja za waya zinazowaepusha na kokoto. Jua kali huwakausha kwa siku moja au mbili. Mawingu yakishika siku tatu, mzigo huanza kunuka na bei huanguka, au hugeuzwa chakula cha kuku. Mama anayeanika mialoni Kibirizi au Katonga hutazama anga la mashariki alfajiri kwa uangalifu ambao mwenye paneli hana sababu ya kuwa nao: mama huyo hana betri ya kutunzia jua la jana.

Waya mkubwa ulifika hatimaye. Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani mkoani, Kigoma ilianza kuunganishwa na Gridi ya Taifa na majenereta ya dizeli yakaanza kuzimwa. Njia ya kilovolti 400 kutoka Nyakanazi ilipangwa kufika Kidahwe, nje kidogo ya mji. Mto uliokosa bwawa la fedha za Marekani nao ulirudi mezani. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha dola milioni 140 kwa kituo cha megawati 49.5 kwenye Malagarasi, safari hii kwa usanifu mwingine. Kwa nyumba za mjini, paneli zilizonunuliwa kama umeme pekee zimegeuka akiba ya saa za kukatika, na baadhi zimeuzwa kwa ndugu wa vijijini. Wakala wa Nishati Vijijini ulifikisha nguzo katika vijiji vingi vya barabarani, huku vile vya ufukweni visivyo na barabara vikibaki na sola zao.

Gridi haiendi majini. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kwa mara ya kwanza upande wa Tanzania, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane, mialo ilikaa giza bila kujali mwezi, na betri za taa zikarudishwa nyumbani kuwasha balbu na redio. Ziwa lilipofunguliwa tena, wenye vyombo walizichukua betri zao. Mchana hulala zikichaji juani, jioni hubebwa begani kushuka ufukweni, na usiku huning'inizwa ubavuni mwa mtumbwi, mahali palepale palipokaa moto wa matete.